Una nafasi zaidi ya moja ya kusomea udaktari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa udahili vijana hunijia na barua mbili, wengine tatu, na siku chache za kuamua. Mimi ni daktari na nimefundisha wanafunzi wodini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo majibu yangu yanaelemea upande wa wodi. Nimejibu kwa urefu pale ninapoona watu wanaumia baadaye, na kwa ufupi pale wanapohangaika bure.

Nina barua mbili mkononi. Niangalie nini kwanza?

Ithibati. Hakikisha chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya nchi kilipo. Kisha hakikisha baraza la madaktari la nchi unakotaka kufanya kazi linaitambua shahada yake. Hayo ni mambo mawili, na wengi huyachanganya. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwao, na cheti chake bado kikakwama mezani kwa baraza la nchi nyingine.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwanaelimu wa Marekani, alichapisha ripoti baada ya kuzunguka vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi alivikuta havina maabara ya maana wala hospitali ya kufundishia, lakini vinatoa madaktari kila mwaka. Vyuo vingi vilifungwa au kuunganishwa katika miaka iliyofuata. Ukaguzi wa vyuo tulionao leo umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya funzo hilo, na bado kuna vyuo ambavyo Flexner angevitambua mara moja.

Utasikia pia habari za Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, WFME. Shirikisho hilo halikagui vyuo. Linayatambua mashirika yanayovikagua. Kwa hiyo chuo kikikuambia "tumeidhinishwa na WFME", waombe jina la shirika lililowakagua, na tarehe ambayo ithibati hiyo inakwisha. Ikiwa una ndoto ya kufanya kazi Marekani, swali hili ni zito zaidi: tangu 2024, ECFMG, chombo kinachohakiki madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo, huonyesha katika taarifa zake kama chuo chako kiko chini ya shirika linalotambuliwa.

Jambo jingine: ipo Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari mtandaoni, na vyuo hupenda kujitangaza kwamba vimo. Kuwemo kwenye orodha hiyo hakumaanishi kupewa ithibati, na orodha yenyewe inasema hivyo. Itumie kujua kwamba chuo kipo, kilianza lini na kinatoa shahada gani. Kwa uamuzi wa kutambuliwa, liandikie baraza husika wewe mwenyewe, na jibu lake ulihifadhi.

Barua moja inasema MD, nyingine MBBS, nyingine MBChB. Ipi ni kubwa?

Hakuna. Ni majina tofauti ya shahada ya kwanza ya udaktari. MBBS na MBChB zinatokana na mapokeo ya Uingereza, ambako tiba na upasuaji huandikwa kama shahada mbili zinazotolewa kwa pamoja. Cha kuangalia ni muda na mpangilio: programu nyingi zinazopokea wanafunzi waliotoka sekondari ni za miaka mitano au sita, na zinazopokea wenye shahada tayari huwa za miaka minne. Uliza kama mafunzo tarajali (kazi ya hospitalini chini ya usimamizi kabla ya leseni kamili) yamehesabiwa ndani ya miaka hiyo au yanakuja baada yake.

Chuo kimoja kina jina kubwa na kiko juu katika orodha za ubora. Si hilo linatosha?

Linatosha kukufanya ukiangalie mara mbili. Orodha nyingi za kimataifa hupima mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hayaoni. Orodha ya QS, kwa mfano, hutegemea maoni ya wasomi na waajiri pamoja na idadi ya mara ambazo makala za chuo hunukuliwa. Profesa anayenukuliwa dunia nzima ni heri kwa chuo, ila anaweza kupita miaka yako yote bila kusimama nawe mbele ya kitanda cha mgonjwa hata mara moja.

Jina lina faida zake, nisikudanganye. Ukitaka maisha ya utafiti, chuo chenye maabara zinazofanya kazi na walimu wanaochapisha kitakupa msaada ambao chuo kingine hakina. Na kama una nia ya kuomba ubingwa nje ya nchi, jina linalofahamika husomwa kwa haraka zaidi. Lakini kwa yule anayetaka kuwa daktari mzuri wa kuwatibu watu, mimi ningeuliza kwanza maswali yanayofuata.

Unasisitiza sana wodi. Niulize nini hasa?

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, kwa sababu tofauti kubwa kati ya vyuo viwili vilivyoidhinishwa huonekana katika miaka ya klinikali, ile ya kujifunzia kwa wagonjwa hospitalini. Anatomia ya mkono ni ileile popote ulipo, na vitabu ni vilevile. Ila mgonjwa wa kwanza utakayemsikiliza moyo, na mtu atakayesimama nyuma yako na kukuambia "rudia, hujasikia", hao hutegemea chuo.

William Osler, aliyekuwa mmoja wa walimu wa mwanzo wa shule ya udaktari ya Johns Hopkins iliyofunguliwa 1893, alisema angetosheka akikumbukwa kwa jambo moja tu: kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini. Zaidi ya karne imepita na bado hicho ndicho kipimo changu.

Anza na hospitali. Je, ni ya chuo, au chuo kimekodi nafasi katika hospitali ya watu wengine? Mkataba wa kukodi si kosa, ila uliza unakwisha lini, na uliza vyuo vingine vingapi vinaleta wanafunzi kwenye wodi zilezile. Hospitali kubwa inayogawiwa vyuo vitatu inaweza kukupa nafasi ndogo kuliko hospitali ya kawaida ambayo wanafunzi ni ninyi peke yenu.

Kisha uliza idadi kuzunguka kitanda. Raundi ya asubuhi ina wanafunzi wangapi? Wakiwa sita, kila mmoja atamgusa mgonjwa. Wakiwa ishirini na tano, wawili wa mbele wanajifunza na waliobaki wanaangalia migongo. Nimefundisha makundi ya aina zote mbili. Katika kundi kubwa nilijua majina ya wachache tu, na wale wapole, ambao mara nyingi ndio wenye moyo wa kazi hii, walimaliza rotesheni (zamu yao ya wiki kadhaa katika idara) bila mimi kujua kama wanaweza kupima presha.

Uliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamefanya nini kwa mikono yao. Wamezalisha mama wangapi? Wameshona majeraha? Wameweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), wametoa maji ya uti wa mgongo, wamekaa zamu ya usiku wakapokea wagonjwa wa dharura? Vyuo vingi vina daftari la vitendo linalotiwa saini na msimamizi. Mwombe mwanafunzi akuonyeshe lake. Kurasa zilizojazwa siku moja, kwa kalamu moja, zitakuambia mengi.

Mwisho, uliza nani anafundisha. Bingwa? Daktari aliye kwenye masomo ya ubingwa? Au tarajali ambaye naye amechoka na anajifunza? Wote wana la kufundisha. Tatizo ni pale ambapo yupo mmoja tu kati yao kwa mwaka mzima.

Hospitali kubwa ya rufaa au chuo kinachotumia hospitali ndogo?

Hospitali ya rufaa itakuonyesha magonjwa adimu, na hospitali ndogo itakuonyesha magonjwa yenyewe, yale utakayoyatibu kila siku. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Flinders cha Australia kilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi wake vijijini kwa mwaka mzima, wakijifunza kwa madaktari wa familia badala ya kuzunguka idara za hospitali kubwa. Walifanya mitihani ileile na hawakuachwa nyuma na wenzao wa mjini. Tangu hapo vyuo vingi, Harvard kikiwemo, vimejaribu mpangilio wa kumfuata mgonjwa mmoja kwa muda mrefu badala ya kumwona kwa wiki moja na kumpoteza.

Chuo bora kwangu ni kile kinachokupitisha sehemu zote mbili. Kikiwa na moja tu, usikikatae kwa haraka, lakini jua utakachokosa ili ukitafute likizoni.

Kimoja kinafundisha kwa mihadhara, kingine kwa vikundi vidogo vinavyochambua visa vya wagonjwa. Kipi ni bora?

Njia ya visa ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969 na imesambaa duniani kote. Zote mbili zimetoa madaktari wazuri. Jiangalie wewe. Kama ulifaulu sekondari kwa kujisomea, vikundi vitakufaa. Kama unahitaji mtu akupangie hatua, mwaka wa kwanza wa visa unaweza kukuchanganya, maana hakuna atakayekuambia kurasa za kusoma. Na kikundi cha visa kisicho na mwezeshaji aliyefunzwa hugeuka maongezi tu. Uliza nani anawaongoza.

Chuo kimoja hakina maiti za kupasua. Niogope?

Hapana. Vipo vyuo vinavyofundisha anatomia kwa vielelezo vilivyokwisha kupasuliwa, kwa picha za mionzi na kwa miili hai. Ukiwa na hamu ya upasuaji utafurahia zaidi kushika kisu mapema, lakini nisingekiacha chuo chenye wodi nzuri kwa sababu hii peke yake.

Nawezaje kujua ukweli kuhusu kufeli na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli?

Swali hili vyuo hulijibu kwa maneno laini, kwa hiyo uliza kwa namba. Darasa la miaka sita iliyopita liliingia na wanafunzi wangapi, na wangapi wamehitimu kwa wakati? Waliobaki wako wapi: wamerudia mwaka, wamehama, wamedisko, au wamesimamisha masomo kwa ugonjwa na ada? Chuo kinachodahili mia mbili na kuhitimisha mia moja na ishirini kina maelezo ya kutoa, hata kama ni chuo chenye heshima.

Uliza pia sapu, yaani mtihani wa marudio, inaendeshwaje. Ukifeli somo moja unafanya mtihani wa marudio baada ya wiki chache, au unarudia mwaka mzima na ada yake? Utofauti huo unaweza kuwa mwaka mmoja wa maisha yako na mwaka mmoja wa mkopo.

Kuhusu alama: baadhi ya vyuo hutoa "amefaulu" au "hajafaulu" tu katika miaka ya mwanzo. Chuo Kikuu cha Virginia kilipofanya badiliko hilo, utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha wanafunzi wakiwa na utulivu zaidi wa akili bila ufaulu wao kushuka. Mimi naunga mkono. Nimeona vijana wenye akili wakifichiana maandishi kwa ajili ya nusu alama, na tabia hiyo huwafuata hadi kazini, mahali ambapo kumficha mwenzako jambo ni hatari kwa mgonjwa.

Ada za chuo kimoja ni kubwa zaidi. Tofauti inastahili?

Usilinganishe ada ya mwaka wa kwanza. Linganisha jumla ya kuingia hadi leseni. Weka karatasi mbili, kila chuo na yake, na uandike ada ya miaka yote, uwezekano wa kupanda, malazi, bima, vitabu, vifaa, nauli na malazi ya rotesheni za mbali (hizi husahaulika sana), na mitihani ya leseni. Ongeza mwaka mmoja wa tahadhari. Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya barua uliyoshika.

Kisha hesabu mkopo. Mkopo wenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka, riba ikiongezwa juu ya deni, hukua karibu mara moja na nusu katika miaka sita. Yaani kila 100 uliyokopa mwaka wa kwanza inakaribia 150 siku ya mahafali, kabla hujalipa hata moja. Kama tofauti ya vyuo viwili ni kubwa na vyote viwili vinakupitisha kwenye ithibati na wodi, ningechukua cha bei nafuu bila kujiuliza mara mbili. Deni huchagua ubingwa kwa niaba yako. Chuo Kikuu cha New York kilipofuta ada ya udaktari mwaka 2018, moja ya sababu kilizotoa ni hiyo: wahitimu wenye madeni walikuwa wakikimbilia fani zenye malipo makubwa.

Nimepewa ufadhili kamili lakini nina sharti la kutumikia baada ya kuhitimu. Nikubali?

Soma mkataba kana kwamba huna haraka. Sharti la kutumikia linaweza kuwa jambo zuri sana. Japani ina Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa 1972 kwa ajili ya maeneo yenye upungufu wa madaktari: mhitimu hutumikia miaka tisa na deni la masomo linafutwa. Wengi wameishi maisha kamili ya kazi kwa njia hiyo.

Angalia haya: miaka ni mingapi, inaanza kuhesabiwa lini, unaruhusiwa kusoma ubingwa kabla au katikati yake, nani anaamua kituo, na ukivunja mkataba unalipa nini na kwa riba gani. Angalia pia kama ufadhili unakatika alama zikishuka. Ufadhili unaopotea kwa sapu moja ni mkopo uliovaa nguo nyingine.

Moja ya nafasi zangu ni nje ya nchi. Kuna la ziada la kuangalia?

Lugha ya wagonjwa. Vyuo vingi hutangaza kwamba masomo ni kwa Kiingereza, na ni kweli, mihadhara ni kwa Kiingereza. Lakini bibi aliyelazwa wodini hakijui. Ukifika mwaka wa tatu bila lugha yake utasimama pembeni mwa kitanda huku wenzako wakiuliza maumivu yalianza lini. Chukua nafasi hiyo tu kama uko tayari kuisoma lugha kwa bidii ileile ya anatomia, na kama chuo kinaifundisha tangu mwaka wa kwanza.

Pia uliza mafunzo tarajali utayafanyia wapi, maana baadhi ya nchi haziwapi wageni nafasi, na baadhi ya mabaraza hayakubali tarajali ya nje. Na uliza mpango wa dharura. China ilipofunga mipaka mwaka 2020, wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa makwao walisoma kwa mtandao kwa zaidi ya miaka miwili. Vita ya Ukraine ya 2022 iliwatawanya maelfu ya wengine. Hakuna chuo kinachoweza kukuahidi amani, ila kinaweza kukuambia kilifanya nini wakati ule.

Nawapataje wanafunzi watakaoniambia ukweli?

Epuka kutegemea wale waliochaguliwa kukutembeza. Tafuta wa mwaka wa nne au wa tano, kwa sababu wa mwaka wa kwanza bado yuko kwenye fungate na wa mwisho amechoka na kila kitu. Usiulize "chuo ni kizuri?" Uliza: "Wiki iliyopita ulifanya nini Jumanne, kuanzia asubuhi hadi usiku?" Jibu la swali hilo haliwezi kupambwa kirahisi. Uliza pia mara ya mwisho mwanafunzi kudhalilishwa mbele ya wagonjwa ilikuwa lini na chuo kilifanya nini, na uliza mwenye msongo wa mawazo huenda kwa nani, na kama taarifa zake hubaki siri.

Wazazi wanataka kile chenye jina, mimi nataka kingine.

Wapelekee karatasi zile mbili za hesabu, na majibu ya wanafunzi uliozungumza nao. Wazazi wengi wanaoshikilia jina wanaogopa jambo moja: kwamba mtoto wao hatapata kazi. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa kwa ushahidi, na kwa heshima. Wanaoulipia ujana wako wamepata sauti mezani. Lakini atakayekaa zamu ya usiku ni wewe, na hilo nalo lisemwe, kwa upole.

Kuwa karibu na nyumbani si udhaifu, kama ndilo unalotaka. Nimeona wanafunzi waliovuka mwaka mgumu kwa sababu dada alikuja Jumapili.

Muda unaisha na chuo ninachokipenda zaidi bado kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Nifanye nini?

Thibitisha nafasi uliyonayo kabla ya tarehe ya mwisho. Nafasi iliyo mkononi haitupwi kwa ajili ya inayosubiriwa. Kisha soma kanuni za mfumo wako, kwa sababu zinatofautiana mno: Uingereza mwombaji huweka chaguo moja la kwanza na moja la akiba, na Marekani hutarajiwa abaki na nafasi moja kufikia mwisho wa Aprili. Kwingine kuthibitisha chuo kimoja huzifuta nyingine papo hapo. Uliza kama amana ya kuthibitisha inarudishwa. Chuo cha kusubiri kiandikie barua fupi, mara moja, ukisema bado unakitaka na kwa nini.

Nikigundua mwaka wa pili kwamba nimekosea, naweza kuhama?

Ni vigumu. Vyuo vingi vya udaktari havipokei wahamiaji, na vinavyopokea mara nyingi hukurudisha nyuma mwaka mmoja au zaidi. Amua kana kwamba hakuna kuhama.

Nimeamua. Barua nyingine niiache tu?

Usiiache. Andika leo hii kwamba unaachia nafasi, ushukuru, mistari mitatu inatosha, na uombe wathibitishe kwamba wamepokea. Kwenye orodha yao ya kusubiri yupo mtu anayefungua simu kila baada ya nusu saa.